Kochi Moja, Mtaa Mzima

Ziwa likifungwa, Katonga panageuka chuo cha uvivu, na wahitimu wake ni wengi. Mitumbwi imevutwa mchangani imelala kifudifudi, wanaume wamekaa kwenye vivuli vyake wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, na chanja za kuanikia dagaa zimebaki tupu kama vitanda vya bweni wakati wa likizo. Serikali imesema samaki waachwe kwa muda wazaliane. Asia hakuwa na ugomvi na samaki kuzaliana. Ugomvi wake ni kwamba na yeye alikuwa amezaa, na hakuna aliyetangaza kwamba matumbo ya wanawe nayo yafungwe mpaka ziwa lifunguliwe.

Asubuhi hiyo alikuwa ametoka Ujiji kwa miguu mpaka Katonga kwa sababu mtu alimwambia kuna tajiri anatafuta wanawake wa kushona nyavu. Tajiri alikuwepo kweli. Wanawake nao walikuwepo, wamejipanga mpaka kwenye maji.

"Wavu ni mmoja, jamani," tajiri aliwaambia kwa upole. "Mkiushona nyote utakuwa blanketi."

Asia akageuza njia. Hakukasirika sana, kwa sababu siku hiyo alikuwa na tumaini lingine nyumbani. Kulikuwa na mradi. Vichochoro vya mtaa wao vilikuwa vinakwenda kutandikwa mawe na kuchimbiwa mitaro, na vibarua wangetoka humo humo mtaani, mtu mmoja kwa kila kaya isiyojiweza. Kazi ya miezi, malipo kila wiki. Leo ndiyo siku ambayo mtu wa mradi angepita nyumba kwa nyumba kuona nani anaishije.

Na kama kuna kitu Asia alikuwa na uhakika nacho duniani, ni kwamba nyumba yake haijiwezi. Mumewe, Chande, alikuwa amekwenda Uvinza kubahatisha kwenye chumvi na bado alikuwa anabahatisha. Kaka yake wa Simbo alishamwambia wazi: ukikosa hiyo kazi, chukua watoto uje tulime wote. Kaka alisema kwa moyo mweupe. Wifi alikuwa amesimama nyuma yake, na wa kwake haukuwa na rangi hiyo. Zaidi ya wifi kulikuwa na Bi Ashura, mama yake Chande, mwenye nyumba, aliyezaliwa katika chumba kilekile anacholala mpaka leo na asiyekuwa na mpango wa kulala kwingine. Asia akienda Simbo, Bi Ashura anabaki peke yake. Hesabu ilikuwa rahisi na mbaya. Kazi ya mawe, wanabaki pamoja. Bila hiyo, kila mtu na njia yake.

Alipokata kona ya nyuma ya nyumba alikutana na kochi linatembea.

Lilikuwa kochi la kijani la kukalia watu watatu, lenye miguu minane: minne ya mbao, miwili ya Frida na miwili ya Rozalia. Frida alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta. Rozalia alikuwa mke wa Mzee Feliksi, mjumbe wa mtaa.

"Tupishe, Asia, linashuka hili," alisema Frida huku akihema.

"Linakwenda wapi?"

"Kwako. Litakwenda wapi tena?"

Hapa inabidi ieleweke jinsi mtaa ule unavyoishi. Kochi lilikuwa la Mzee Feliksi, alilinunua alipolipwa kiinua mgongo cha reli, na tangu siku hiyo hajalikalia wiki mbili mfululizo. Mtaani, mgeni wa mmoja ni mgeni wa wote, na mgeni haketi chini. Wakija wakwe kuposa, kochi linakwenda. Akija shehe, linakwenda. Akija padri, linakwenda, tena likiwa limepigwa vumbi. Lilikuwa limehudhuria posa nyingi kuliko kadhi. Vikombe vya maua vya Frida vilikuwa hivyo hivyo, na kapeti la mama Bariki, na televisheni ya Abdulmajid mwenye duka, ambayo haikuwa imewaka kwa miaka, ila kwa kutazamwa ikiwa imezimwa haikuwa na mpinzani. Vitu vyote hivyo vilipita nyuma, uani kwa uani, ili mgeni apite mbele bila kujua.

"Huyu mtu wa mradi," Asia aliuliza polepole, "kwako kakaa kwenye nini?"

"Kwenye hili."

"Na kwa mama Bariki?"

"Hilihili. Zamu kwa zamu." Frida alitabasamu kwa fahari. "Sasa hivi yuko dukani kwa Abdulmajid anapumzika. Viatu vinambana, maskini."

"Kwa hiyo mpaka sasa kila nyumba aliyoingia ina kochi."

"Ina."

"Na tivii."

"Tivii iko kwako tayari. Ilitangulia, ni nyepesi."

Asia aliweka mkono kichwani. "Frida. Mtu anatafuta wasiojiweza."

"Anatafuta wafanyakazi," ilijibu sauti kutoka ndani. Bi Ashura akatokea kwenye mlango wa uani, amevaa kanga mpya ambayo Asia aliijua ilikuwa ya nani. "Nimeishi mji huu tangu ukiwa na vumbi zuri kuliko hili. Sijaona mwenye njaa akipewa kazi. Anapewa uji. Kazi anapewa aliyeshiba, ili aendelee kushiba."

Ubaya ni kwamba haikuwa hoja ya kijinga. Asia mwenyewe aliwahi kwenda kuomba kazi ya kufua kwenye nyumba ya wageni mjini Kigoma. Mara ya kwanza alikwenda na gauni lake, akaambiwa nafasi hakuna. Mara ya pili alikwenda na gauni la Frida, nafasi ikapatikana. Nani kati yao hakuwahi kuazima sura ya kuombea kazi? Lakini mambo ya leo yalikuwa yamegeuzwa juu chini. Leo ndiyo siku pekee ambayo gauni bovu lingekuwa na faida, na mtaa mzima ulikuwa umelificha.

"Kochi haliingii," Asia akasema, akasimama mlangoni.

"Linaingia," akasema Bi Ashura, akashika mkono wa kochi kwa ndani, akavuta.

"Mama, nakuomba."

"Rozalia, sukuma."

Rozalia alisukuma. Asia aliruka pembeni kuokoa vidole vya miguu, kochi likaingia nusu, likapinda, likakwama kwenye fremu. Nusu moja ilikuwa sebuleni, nusu ya pili uani pamoja na Frida na Rozalia, ambao sasa hawakuwa na njia ya kuingia wala nafasi ya kuacha, kwa sababu wakiachia, linaanguka. Asia alijipenyeza juu yake akaangukia ndani. Na hapo hapo, mlango wa mbele ukabishwa.

"Hodi hapa."

"Karibuni," alisema Bi Ashura, kwa sauti ya mtu ambaye hana kochi mlangoni.

Aliingia Mzee Feliksi kwanza, kofia mkononi, na nyuma yake kijana mwembamba anayechechemea, amekumbatia kishikwambi kifuani kama mtoto wa arobaini.

"Shikamoo Bibi. Naitwa Thobias, natoka kwenye mradi."

"Marahaba, baba. Kaa, kaa."

Thobias akatazama. Mahali pa kukaa palikuwa pamoja tu: ile nusu ya kochi iliyochomoza kutoka mlango wa uani. Akakaa. Nusu ya nje ikanyanyuka kidogo, na kutoka uani ikasikika sauti ya mtu aliyebanwa.

"Taratibu basi, baba."

Thobias akageuka. "Nani huyo?"

"Upepo," alisema Bi Ashura. "Asia, mletee mgeni chai."

Asia hakusogea. Alimtazama Mzee Feliksi, na Mzee Feliksi alikuwa anatazama mkono wa kochi, pale kwenye alama nyeusi yenye umbo la pasi ya mkaa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekutana na ng'ombe wake kwenye zizi la jirani na hataki kuvunja ujirani. Alikalia ndoo.

Thobias aliwasha kishikwambi. "Bibi, nitauliza maswali machache. Kochi hili ni la hapa?"

"La hapa."

"Televisheni?"

"Ya hapa."

"Umeme upo?"

Bi Ashura alitazama darini, ambako hapakuwa na hata uzi. "Tunautarajia."

Kidole cha Thobias kilikuwa kinagusa kioo, tik, tik, na kila kilipogusa Asia aliona jembe la Simbo likisogea karibu. Angesemaje? Ukimwaibisha mkwe mbele ya mgeni, Ujiji hiyo, utaulizwa mpaka na watu wasiokujua. Ukinyamaza, unafungasha. Bi Ashura alikuwa ameketi wima kwenye mkeka, mzuri kweli katika kanga ya kuazima, anaipoteza nyumba yake kwa adabu.

"Futa," Asia akasema.

"Dada?"

"Hayo uliyoandika, futa. Kochi si letu. Tivii si yetu, tena haiwaki. Kapeti unalokanyaga ulilikanyaga kwa mama Bariki, na chai utakayoletewa, vikombe umeshavinywea kwa Frida."

Bi Ashura hakumtazama.

"Kochi ni la nani?" Thobias aliuliza.

"Muulize mjumbe."

Mzee Feliksi alikohoa. "Ni langu," alisema kwa huzuni. "Nyumba ya pili nilidhani wameiga. Nyumba ya tatu nikasema hapana, sasa hii alama ya pasi nayo wameiga?"

"Yebaba we, Feliksi, si unyamaze tu," ilisema sauti ya uani.

Thobias akatazama mlango, akamtazama mjumbe. "Upepo wa hapa unakujua kwa jina, Mzee."

Halafu akacheka. Alianza kwa staha, kama mtu wa ofisi, akaendelea mpaka kochi likaanza kutikisika na huko nje Frida naye akacheka, Rozalia akamkanya, naye akacheka. "Nimeandika kochi kila nyumba," alisema akifuta macho. "Nikajiuliza mtaa huu una fundi gani, kila kochi analolitengeneza analipiga pasi. Nikadhani ndiyo fasheni ya Ujiji."

"Na hayo uliyoandika yangefika wapi?" Asia aliuliza.

Kicheko kikapungua. "Yangefika ofisini. Wangesema mtaa huu unajiweza, tuhamie wa pili."

"Wote?"

"Wote."

Huko uani kuna mtu aliyesikika akisema taratibu, "Tumejimaliza."

Thobias akavua kiatu kimoja, kwa haraka ya mtu aliyechoka kusubiri ruhusa, akakunja vidole. "Samahani, Bibi. Hata hivi viatu si vyangu, ni vya shemeji. Nimemaliza chuo, nimekaa nyumbani nalima mihogo na mama, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hiki nacho ni kibarua cha wiki chache tu. Nikasema nikienda na ndala, nani atanijibu?"

"Vua na cha pili," akasema Mzee Feliksi.

Akavua. Kisha akaeleza kwa ukweli. Angefuta na kuanza upya kesho, nyumba zote, bila kusema saa ngapi. Lakini kila nyumba anayejibu ni mwenye kaya mwenyewe, si mkwe wala jirani. "Hapa ni Bibi. Bibi asiponieleza kwa mdomo wake, kaya hii siwezi kuiingiza. Hata kama nimeona kwa macho."

Wote wakamtazama Bi Ashura. Bi Ashura akanyanyuka, akajifunga kanga vizuri, akaingia chumbani, akashusha pazia.

Ilibidi Mzee Feliksi ang'oe fremu ya mlango upande mmoja ndipo kochi lake litoke.

Jua lilipokuwa linazama upande wa Kongo, Asia alikwenda kukaa nje ya lile pazia na sahani ya mihogo ya kuchemsha. Alijua kuwa kuomba msamaha kwa Bi Ashura ni kazi inayotaka kitu cha kutafuna.

"Mama."

Akagonga ukingo wa sahani kwa kucha.

"Mama, mihogo inapoa."

"Umenivua nguo mbele ya mgeni."

"Nimeivua kanga ya Rozalia."

Pazia likatikisika kidogo. Haikujulikana kama ni hasira au kicheko. "Mama yangu alimpokea mgeni chumba hiki hiki," Bi Ashura alisema. "Hatukuwa na kitu. Mgeni akaondoka akisema nyumba ile wanajiweza. Mama akafurahi mwezi mzima. Sasa mimi nimwambie mtoto wa watu kwamba nalala nasikiliza paa?"

"Mwambie."

"Atanionea huruma."

"Atuonee. Mara moja tu. Tukishapata kazi tutawaonea huruma wengine." Asia alisukuma sahani chini ya pazia. "Nikienda Simbo utanifuata?"

"Simbo nitaongea na nani? Mihogo?"

"Basi."

Mkono ukatoka, ukachukua kipande, ukarudi. Baada ya muda sauti ikasema, "Nitamwambia. Lakini chai atakunywa. Hilo sibembelezwi."

Thobias alirudi kesho yake akiwa na ndala, mapema kiasi kwamba Asia alikuwa bado anafagia. Alikalishwa kwenye mkeka wenye tundu, akapewa chai ya rangi kwenye kikombe cha plastiki kilichopoteza mkono. Bi Ashura aliketi mbele yake, kanga yake mwenyewe, iliyofuliwa mpaka maandishi yakaondoka.

"Uliza."

"Bibi, kwa siku mnakula mara ngapi?"

"Inategemea kula unaita nini. Kama ni kutafuna, mara moja. Kama ni kuzungumzia chakula, kutwa."

Asia akainama kuficha uso. Bi Ashura akaendelea, na kadiri alivyoendelea alichangamka, kama mtu aliyegundua kwamba ukweli nao una utamu wa kusimuliwa. Akamwonyesha paa, tundu ambalo kwalo anaujua mwezi bila kutoka nje. Akamwonyesha ukuta unaoshikiliwa na kabati, na kabati linaloshikiliwa na ukuta. Akamwonyesha kitanda.

"Frida alikwambia paa lake linavuja?" aliuliza.

"Ndiyo, nimetoka kwake sasa hivi."

"La Frida linadondosha. Langu linamimina. Andika hivyo."

"Mama, usizidishe," alisema Asia.

"Nazidisha wapi? Ngoja mvua inyeshe, tumwite Frida, tupime kwa ndoo."

Ukuta kwa ukuta, Frida alikuwa anasikia. "Bi Ashura, usinichafulie," alipaza sauti. "Kwangu ndoo mbili zinajaa kabla ya alfajiri."

"Ndoo zako ndogo."

Thobias aliweka kishikwambi mapajani akasubiri wamalize. Jana walishindana kwa mali, leo wanashindana kwa ukosefu, na alivyowaona, kwa leo walikuwa na bidii zaidi. Alikunywa chai yote. Bi Ashura akamwongeza kabla hajakataa.

Majina yalisomwa Ijumaa nje ya ofisi ya mtaa. La Asia lilikuwemo. La Frida lilikuwemo, naye alilipokea kama aliyetawazwa. La Rozalia halikuwemo, na alilalamika mpaka wino wa tangazo ukakauka. Mume ana pensheni, nyumba ina kochi, afanyeje? Mwishowe alitangaza kwamba atawauzia vibarua maandazi, tena wa mtaa huu kwa mkopo, na hapo hasira ikapata kazi ya kufanya.

Walianza Jumatatu. Walipewa buti za mpira zisizolingana na msimamizi anayeitwa Castory, mtu mpole mwenye sauti ya kupigia kelele injini. Mawe yalishushwa mwanzo wa kichochoro. Asia alikuwa amebeba magunia ya dagaa tangu usichana, lakini jiwe ni kitu kingine, halina pa kushika na halisamehe. Kufika saa nne viganja vilikuwa vimevimba. Kufika saa sita alikuwa amejua kulipokea kwa paja, kulishusha kwa goti, na kuligonga kwa nyundo mpaka likae. Kipande cha kwanza alichotandika kilikuwa mbele ya mlango wao. Castory alikikanyaga, akaruka juu yake mara mbili, hakikucheza.

"Huyu mama ameshawahi kuifanya," alisema, akaenda kumpigia kelele mtu mwingine.

Asia alikuwa amepiga magoti palepale, hatua chache kutoka kizingiti, aliposikia mwuza mawese akipita na dumu lake kichwani.

"Asia yupo?" mwanamke yule alimwuliza Bi Ashura, aliyeketi mlangoni.

"Hayupo. Yuko kazini."

Mwuza mawese akageuka, akamwona Asia na nyundo yake. "Bi Ashura, si huyu hapa?"

"Huyo yuko kazini," alisema Bi Ashura. "Ukimtaka, njoo saa kumi."